Kisanduku cha Chini ya Kiti Hakiwaki

Jumatatu, 3 Machi

Gari limerudi leo. Limevutwa kwa kamba hadi uani, maana polisi waliifungua betri siku ile ile walipolichukua na hawakuirudisha mahali pake. Wiki tatu kasoro siku moja. Vumbi tupu. Taa ya mbele ya kushoto imepasuka. Mwenzangu wa ndoa anasema ni wao, walipokuwa wanalivuta. Sikuuliza zaidi.

Nimefunga betri. Nikazungusha ufunguo hatua ya kwanza tu, bila kuwasha injini. Taa za dashibodi — zimewaka. Redio — imewaka. Kisanduku — kimya. Skrini nyeusi.

Niandike kwa mpangilio, maana naona hili litakuwa refu. Kisanduku ni kompyuta niliyoiunda mwenyewe mwaka juzi, kwa vipande vya kompyuta iliyotupwa na ofisi iliyo jirani na steshenari ninapofanya kazi. Nimeifunga ndani ya bati la biskuti chini ya kiti cha abiria. Inapiga muziki. Na inaandika: gari limewashwa saa ngapi, limezimwa saa ngapi, limekwenda kilomita ngapi. Inaweka safari ya mwisho tu. Ikianza nyingine, ya nyuma inafutwa, kwa kuwa nafasi ni ndogo.

Ndiyo maana kila mtu anakitaka. Jumanne ile, tarehe 11 Februari, saa nane mchana, gari jeupe lilimgonga fundi viatu kwenye kona ya posta. Halikusimama. Mpita njia aliona namba mbili za mwisho. Zinafanana na zetu. Mwenzangu ameandikisha kwamba asubuhi alinishusha kazini, kichwa kikamuuma, akarudi nyumbani saa mbili na nusu, akaegesha, akalala hadi jioni. Hakuna aliyemwona. Kisanduku kikiwaka kitaonyesha gari lilizimwa saa ngapi. Polisi walijaribu, wakashindwa. Askari akasema aliyekifunga ndiye atakayekifungua. Leseni ya mwenzangu ya kuendesha teksi wanayo wao.

Sijisikii chochote. Nimekula. Nimeosha vyombo.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kazi nimeanza upya, kutoka kwenye betri kwenda mbele.

Fyuzi: nzima. Waya mwekundu: umebana. Waya mweusi: una kutu kidogo pale unapogusa chuma cha gari, nimeusugua kwa msasa. Swichi: sawa.

Hakiwaki. Hapana, nisidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Nikiinamisha sikio chini ya kiti nasikia feni. Inazunguka na haisimami. Lakini skrini haina kitu, muziki hauna kitu. Kama mtu aliyefumbua macho na haitikii salamu.

Mwenzangu alikaa kiti cha dereva akinishikia tochi. Hana kazi sasa, uwanja ameufagia mara mbili. Akasema, "Usiwe na haraka, mama. Mashine itasema."

Nikamwambia mashine haisemi, inaandika tu.

"Basi vizuri zaidi," akasema.

Jumatano, 5 Machi

Kazini karatasi zimekwama kwenye mashine kubwa ya nakala mara nne. Kisanduku sijakigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Volti amekuja. Ni fundi redio, kibanda chake kimeegemea ukuta wa steshenari. Jina hilo alipewa kwa sababu anaushika waya kwanza, halafu ndiyo anauliza kama una umeme. Akaliangalia bati la biskuti kwa muda.

"Bibi Karatasi, hiki ulikiunda au ulikioka?"

"Pima umeme, Volti."

"Napima. Hapa kumi na mbili na nusu. Hapa tano. Hapa tatu na ushee. Kwa umeme ameshiba. Mgonjwa wako tumbo halina tatizo, tatizo ni kichwa."

Akanishauri nikitoe ndani ya gari, nikiweke mezani na betri yake peke yake. Na injini isiwashwe hata mara moja kikiwa mle. "Kikizinduka kikasikia injini, kitadhani ni safari mpya." Nilijua. Mimi ndiye niliyekifundisha hivyo. Ila kulisikia kwa mtu mwingine kumenifanya nikae chini kidogo. Ufunguo mmoja, sekunde tano, na hakuna tena cha kusomwa na mtu yeyote.

Skrubu nane. Nimeziweka kwenye kikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana ameingia mwanamke wa kama miaka thelathini, na bahasha ya kaki. Nakala kumi za kila karatasi. Mtu anayetoa nakala huwa anasoma bila kutaka. Macho yanakuwa na kazi yao. Karatasi ya hospitali. Karatasi ya polisi. *Majeruhi ni fundi viatu, kona ya posta, saa 8:00 mchana.*

"Dada, hiyo ya tatu imefifia. Irudie tafadhali."

Nimeirudia. Nikauliza mgonjwa ni nani kwake.

"Baba."

Anaendeleaje?

"Mguu umewekewa chuma, wanasema utapona. Mkono wa kulia ndiyo hivyo. Jana nimempa kijiko, kimemponyoka. Akacheka. Anasema mkono umegoma, unadai likizo ya miaka arobaini."

Nikazipanga karatasi. Akaendelea mwenyewe, kama watu wanavyoongea na mtu wa kaunta, kwa kuwa hawatamwona tena.

"Unajua kinachomsumbua si maumivu. Anasema lile gari lilipunguza mwendo. Akadhani linasimama. Halafu akasikia gia ikiingia." Akafunga bahasha. "Na anauliza nani atawapelekea watu viatu vyao vilivyobaki kibandani. Kuna cha mtoto, cha shule, kimoja kimeshonwa na kimoja bado."

Nikasema pole. Akasema ameshapoa.

Nimehesabu nakala, nikakuta za karatasi ya polisi nimetoa kumi na moja. Ya kumi na moja iko kwenye mkoba wangu. Sijui ya nini.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji, kaka yake mwenzangu, amekuja asubuhi na amekaa hadi alasiri. Kisanduku kiko juu ya meza ya sebuleni, juu ya gazeti. Yeye anakizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Shemeji, huyu ndiye wakili wetu. Wakili wa bati."

Mwenzangu akacheka. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimtazama anavyocheka, nikarudi kwenye kazi.

Nimechomoa memori, nikaisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Hakuna. Nimeihamishia kwenye tundu la pili. Hakuna. Nimechomoa diski, nikawasha bila diski, ili nisikie kama kitalalamika. Feni tu. Nimerudisha diski. Feni tu.

"Kipige kofi," akasema shemeji. "Redio ya marehemu baba ilikuwa haiimbi bila kofi."

"Hii si redio, bwana shemeji."

"Kila chenye waya kinaelewa kofi."

Mwenzangu akamwambia kaka yake aniache nifanye kwa utaratibu. "Huyu mama akianza kitu hakiachi," akasema. Alikuwa ananisifu. Nikamshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna. Nimefua.

Jumatatu, 10 Machi

Askari amepiga simu. Kisanduku kikiwa kinafanya kazi au hakifanyi, nikipeleke Alhamisi saa nne na nusu asubuhi. Kisipowaka, jalada litakwenda mbele lilivyo. "Na lilivyo, mama, si zuri kwa mzee wako."

Nimemweleza mwenzangu. Akasema kitawaka. Kwa sauti ya mtu anayesema kesho ni Jumanne.

Jumanne, 11 Machi

Kimewaka.

Nakwenda polepole hapa, nisiruke kitu.

Saa tisa na nusu nimefunga mashine kubwa, nikaomba ruhusa, nikakipeleka kisanduku kwa Volti. Volti alikuwa na skrini ya zamani, kubwa, nzito kama mtungi. Akaiunganisha kwenye tundu jingine la kisanduku, si lile ninalotumia garini. Nikamwambia tundu hilo nililizima mwenyewe mwaka juzi kwenye mipangilio. Akasema, "Wewe ulilizima. Yeye je, anakumbuka?"

Herufi zikatokea. Nyeupe, safi, zimekaa pale. Zilikuwa zinasema mipangilio yote imepotea, na bonyeza kitufe chochote ili kuendelea.

Garini hakuna kibodi. Kwa hiyo wiki nzima kilikuwa kinasubiri mtu abonyeze kitufe kimoja.

Volti akachokoa betri ndogo ya ndani, ile bapa kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kushika kumbukumbu umeme mkubwa ukikatika. Akaipima. Sifuri. Imekufa labda tangu mwaka jana, ila betri ya gari ilikuwa inakibeba kisanduku na hakuna aliyejua. Polisi walipofungua betri ya gari, kikasahau kila kilichokuwa kichwani. Diski haisahau, diski ni kama daftari. Kichwa tu.

"Kumbe hakikufa," akasema Volti. "Kilikuwa kinauliza swali, na nyinyi mnakipima mapigo ya moyo."

Akaweka betri mpya, akaleta kibodi yenye herufi zilizofutika. Kisanduku kikaomba tarehe. Nikaandika. Kikaomba saa. Saa ya ukutani kwa Volti ilikuwa kumi na dakika tano alasiri. Nikaandika 10:05.

Volti akaangua kicheko. "Bibi Karatasi! Ukiiandikia kumi, kompyuta inajua ni saa nne asubuhi. Kumi za alasiri yeye anaziita kumi na sita."

Nikamwambia ya kwangu haifuati hizo. Nilipoifunga mara ya kwanza mwenzangu alisema hawezi kuendesha huku anatoa sita na kujumlisha sita. Anataka akiangalia dashibodi aone saa kama watu wanavyoitaja. Nikaiwekea saa yetu. Saa moja asubuhi inasoma 01:00. Saa nane mchana inasoma 08:00. Hata tarehe ilikuwa inageuka alfajiri, si usiku wa manane. Miaka miwili amekuwa akiisoma hivyo.

"Akili ni nywele," akasema Volti, bado anacheka.

Mwenzangu akaingia hapo, amekuja kunifuata. Kisanduku kilikuwa kimemaliza kuamka. Katikati ya skrini mstari mmoja:

SAFARI YA MWISHO 11/02 — KUWASHA 07:41 — KUZIMA 08:26 — KM 9

Mwenzangu akainama, akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole.

"Kuzima, saa mbili na dakika ishirini na sita. Asubuhi." Akasimama wima. "Si niliwaambia?"

Volti aliacha kucheka. Akanitazama mimi, mara moja, halafu akachukua redio ya mtu mezani na kuanza kuifungua.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Kisanduku amekibeba yeye.

Jumatano, 12 Machi

Niliandike mara moja, lieleweke, nisilirudie.

08:26 ya kisanduku changu si saa mbili asubuhi. Ni saa nane na dakika ishirini na sita mchana. Gari liliwashwa saa saba na dakika arobaini na moja mchana, likaenda kilomita tisa, likazimwa saa nane na nusu kasoro dakika nne, uani kwetu. Katikati ya hapo ndipo ilipo saa nane. Kona ya posta iko kati ya kituo chake cha teksi na nyumbani.

Polisi wakiisoma kama wanavyosoma kompyuta zote, ni asubuhi. Na asubuhi hiyo inalingana na aliyoyaandikisha, karibu dakika kwa dakika. Saa mbili na nusu. Hakuitoa hewani. Alipozima gari aliiona 08:26 kwenye skrini, kama anavyoiona kila siku. Jioni, polisi walipomuuliza, alikuwa nayo kichwani.

Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza. "Mashine itasema." Nilidhani ananipa moyo.

Asubuhi ya leo amenitengea chai. Akaweka sukari, akakoroga, akanisogezea.

"Saa umeiweka?" akaniuliza.

Nimeiweka.

"Ile ile?"

Ile ile.

Akaitikia kwa kichwa. "Kunywa, itapoa."

Nimekunywa. Nilikwenda kazini. Nilitoa nakala za vyeti vya watu hadi jioni.

Alhamisi, 13 Machi

Polisi, saa nne na nusu. Tulikwenda watatu. Kisanduku kikawekwa mezani kwa askari, na ile skrini ya Volti. Kikawaka bila shida, kama mtoto anayesoma vizuri mgeni akija.

Askari ni mtu mpole, kalamu yake ameifunga utepe ili isiibwe. Akausoma mstari. Akaupiga picha. Akaandika 08:26 kwenye jalada, akafungua ukurasa wa maelezo ya mwenzangu, akaweka kidole huku na kidole kule.

"Inalingana," akasema.

"Njia ya mwongo ni fupi, afande," shemeji akadakia. Alikuwa anamsema yule mpita njia aliyeona namba.

Juu kwenye pembe ya skrini, kwa herufi ndogo, ilikuwepo saa ya sasa: 04:30. Askari hakuitazama. Angeitazama angeniuliza, na ningejibu. Nadhani ningejibu. Niliitazama mimi mpaka ikawa 04:31.

Kisha akaniuliza, "Mama, wewe ndiye fundi wa mtambo huu?"

Ndiyo, afande.

"Peke yako? Hongera." Akanipa fomu. Maelezo ya mtengenezaji wa mtambo. Nijaze, nitie sahihi, niilete Jumatatu. Bila hiyo picha ile haina nguvu. Nikiirudisha, jalada la mwenzangu linafungwa na leseni anapewa.

Njiani shemeji aliongea peke yake hadi nyumbani. Nimepika. Wamekula wamemaliza sufuria.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudisha skrini kwa Volti. Alikuwa na redio mbili tumbo wazi. Nilisimama mlangoni nikamwambia asante. Akasema si kitu. Sikuondoka. Akaweka chini bisibisi.

"Bibi Karatasi. Mimi ni fundi redio. Sauti naipokea, siitangazi."

"Sijakuuliza kitu, Volti."

"Najua. Na mimi sijakujibu."

Nyumbani nimefungua daftari hili kwenye ukurasa wa tarehe 11 Februari. Siku ile niliandika: *Mwenzangu amenishusha kazini. Jioni nimerudi kwa miguu, nimemkuta amelala na viatu. Maji yamekatika. Magharibi polisi wamekuja.* Basi. Kuhusu taa ya kushoto sikuandika kitu. Naandika kila kitu, hata maji kukatika, na taa sikuiangalia.

Amelala na viatu. Hilo niliandika.

Miaka kumi na saba sijamsikia akimtukana mtu. Alipoumwa mama yangu alimbeba mgongoni ngazi zote. Nayaweka hapa kwa sababu nayo ni kweli, na leo yanakaa kichwani kama vitu vya mtu mwingine nilivyoachiwa nivitunze.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekaa na fomu tangu saa tatu. Nimetumia kalamu nyeusi, kama walivyoagiza.

Jina la mtambo: kompyuta ya gari. Mtengenezaji: mimi. Elimu: kidato cha nne. Sababu ya kutowaka: betri ndogo ya kumbukumbu ilikufa. Je, taarifa za safari zimebadilishwa baada ya tukio? Hapana. Nimeandika haraka, yote hayo ni mepesi.

Swali la saba: *Je, saa ya mtambo siku ya tukio ilikuwa sahihi?* Ndiyo au hapana.

Nimelifikiria kama ninavyofikiria waya. Ilikuwa sahihi. Haikuwahi kupishana hata dakika moja. Kila mwezi nilikuwa nailinganisha na saa ya redio. Saa nane ilisema nane. Hakuna mtu wa kwetu angeiangalia akasema imekosea. Nikiandika ndiyo, sijasema uongo. Mtoto wa darasa la pili angekubaliana nami.

Nimeandika: *Ndiyo.*

Mwenzangu yuko uani. Amefungua taa ya kushoto, anaweka kioo kipya. Alipita hapa kuchukua bisibisi, akaona nilipofika. Akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa na joto la jua. Akatoka.

Mchana shemeji alipita kwa dakika mbili, hakukaa. Akasema nikimaliza aipeleke yeye Jumatatu, nisihangaike. Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe, walisema mtengenezaji.

"Haya, wakili," akasema.

Chini ya swali la saba kuna sehemu nyingine, sikuiona mwanzoni, iko kwenye mkunjo wa karatasi. *Maelezo zaidi kuhusu saa, kama yapo.* Halafu mistari minne mitupu.

Sentensi yenyewe, ya kusema kwamba inasoma saa yetu, ni fupi, mstari mmoja na nusu. Nimeipima kwa macho. Inaenea.

Sasa hivi ameniita kutoka uani, anauliza kama nimemaliza, aweke maji ya chai.

Nimemjibu bado. Imebaki mistari minne.